Kufuli na Mwenye Nyumba

Jioni moja hapa Kiuu, Ruiru, nilikosea neno la siri mara tatu, akaunti yangu ya intaneti ikafungwa. Humo ndimo zilimokuwa alama za wanafunzi wangu wote wa chuo cha ualimu, nazo zilitakiwa kesho yake. Niliagizwa nipeleke picha ya kitambulisho, kisha ya uso wangu. Nilikasirika: nithibitishe kwamba mimi ni mimi! Nikakumbuka kipande ambacho babu zetu walilazimishwa kukivaa shingoni katika miaka ya 1920. Kile kiliwekwa ili mfanyakazi asimtoroke tajiri. Hiki changu kilitakiwa ili mwizi asijifanye mimi. Alfajiri nilifunguliwa. Tangu siku hiyo silaumu kufuli linalomchelewesha mwenye nyumba.