Ringi ya Gari Inapogongwa Jambiani

Maji yalikuwa yamekupwa hata ngalawa zimelala mchangani, na kinamama wamekwishateremkia kwenye mashamba yao ya mwani, mbali, karibu na pale mawimbi yanapovunjikia mwambani. Mimi nilikuwa nimeshuka kwenye daladala namba 309, nimekaa chini ya mkungu nje ya skuli moja ya kijiji cha Jambiani, Unguja, nasubiri jua lipungue ukali. Saa nne ikagongwa ringi ya gari iliyotundikwa kwenye tawi. Kabla mlio haujatulia, uwanja ulikuwa umejaa.

Mashungi meupe yalipepea kila upande. Wavulana walitoa mpira wa makaratasi na matambara, umezongwa kamba ya usumba, kamba zilezile ambazo bibi zao huzisokota kutoka kwenye makumbi yaliyofukiwa ufukweni miezi kadhaa. Pembeni palikuwa na mama anayeuza mhogo wa kukaanga na embe mbichi za pilipili. Huko foleni haikuwapo, ni mikono tu.

Macho yangu lakini yalibaki kwa wasichana watatu waliochuchumaa miguuni pangu wakicheza mdako. Kishimo chao kilikuwa na upana wa kiganja, ndani yake vijiwe kumi na viwili vya matumbawe. Mmoja alirusha ndimu changa juu, akavikomba vijiwe vyote nje, akaidaka. Akairusha tena, akavirudisha vyote isipokuwa kimoja, akaidaka tena. Mkono ulikwenda kasi kuliko jicho langu.

"Umegusa!" akasema mwenzake.

"Sijagusa, wallahi!"

Wakabishana, nyuso zimekaribiana. Nilitaka kuingilia kati, kama tunavyopenda watu wazima, nikajizuia. Yule wa tatu, mdogo kuliko wote, akasema tu, "Rudia." Akarudia. Kesi ikaisha hapo, hakuna aliyenuna, wala mwalimu hakuitwa. Mimi najua mabaraza ya wazee yanayolala na kuamka kwenye ugomvi mdogo kuliko ule.

Mwalimu mmoja alikuja kunisalimu, nikamweleza nilichokiona. "Wakirudi ndani ndipo wanaponisikia," alisema. "Siku ya mvua, wakishinda darasani, nafundisha kuta." Akanikumbusha pia kwamba siku ya mtoto wa hapa imejaa: akitoka skuli anakwenda chuo cha Kurani, na jioni wengine huwasaidia mama zao kufunga mbegu za mwani kwenye kamba kwa tai-tai, vile vijikamba vidogo. Nusu saa hii ya mapumziko ni yake peke yake.

Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu wetu alituzuia ndani wakati wa mapumziko sisi tulioshindwa hesabu. Nilisikia kelele za wenzangu dirishani, na hesabu zikazidi kunikimbia. Uchungu wake ninao hadi leo, maana aliyechoka akili ndiye aliyenyimwa hewa. Kucheza ni haki iliyoandikwa, katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 11 Juni kuwa siku ya kimataifa ya mchezo. Ninazifurahia karatasi hizo, ila mwenye ufunguo wa mlango wa darasa ni mwalimu, na mwenye kiwanja ni kijiji. Pwani hii inajengwa hoteli baada ya hoteli. Naomba wanaogawa ardhi waukumbuke mchanga ambao watoto hushindanishia vingalawa vyao vya kuchonga, tanga la mfuko wa plastiki, maji yakijaa.

Ringi ikagongwa tena. Wasichana wale walisimama, wakakung'uta sketi. Yule mdogo akavihesabu vijiwe kwa sauti, akavifunika kishimoni kwa jani pana la mkungu, akaitia ndimu mfukoni na kukimbia. Hatua chache mbele akageuka kunitazama.

"Babu, usiviguse. Zamu yangu bado."

Nilibaki pale kuvilinda mpaka walipotoka.