Garimoshi Lisilo na Moshi

Mfano wa kitu una tabia mbili zishindanazo. Hutuonyesha umbo la kitu, na papo hapo hutuficha nguvu iliyokuwa sababu ya umbo hilo. Sanamu ya simba haina njaa, na picha ya jahazi haijui upepo. Mwenye kutazama huridhika na umbo. Mwenye kuunda hana raha hiyo, maana mikono yake hufika mahali ambapo umbo na nguvu huachana, na hapo hulazimika kuchagua. Jambo hili nimejifunza katika kazi ambayo wengi huihesabu kuwa mchezo wa watoto: kuunda vichwa vya garimoshi la mvuke kwa vitofali vya plastiki, na kuviendesha kwa mota.

Asili ya vitofali hivyo ni Billund, katika nchi ya Denmark, ambako seremala Ole Kirk Kristiansen alianza kuunda vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Jina la LEGO, lililotolewa mwaka 1934 katika maneno mawili ya lugha ya nchi hiyo yenye maana ya "cheza vizuri", leo lajulikana kote. Tofali tulijualo, lenye vinundu juu na mirija tumboni, lilipatiwa hataza mwaka 1958. Toka kitovu cha kinundu kimoja hadi kitovu cha jirani yake ni milimita 8, wala kipimo hicho hakijabadilika. Tofali la miaka 60 iliyopita hushikana na la leo kama ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1966 kampuni hiyo ilitoa garimoshi lake la kwanza lenye mota na betri. Mwaka uo huo, mjini Manchester, kiwanda cha Beyer, Peacock, kilichokuwa kimeunda injini za mvuke kwa zaidi ya miaka 100, kilifunga kazi. Sidai kwamba jambo moja lilizaa jingine. Nasema tu kwamba mvuke ulikuwa ukitoka karakana wakati umbo lake lilipokuwa likiingia katika sanduku la watoto.

Kiwanda hicho ndicho kilichounda injini niliyoichagua kuiiga. Kati ya mwaka 1955 na 1956 kilitengeneza injini 34 za aina ya 59 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31 na uzito wa zaidi ya tani 250, na hapana injini nyingine ya mvuke iliyopata kuzishinda kwa ukubwa juu ya reli ya upana wa mita moja. Zilipakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima yetu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta treni za takriban tani 1,200 kati ya Mombasa na Nairobi, mwendo wa kilomita 530 hivi, toka usawa wa bahari hadi kimo cha zaidi ya mita 1,600. Kufikia mwaka 1980 zote zilikuwa zimeondolewa kazini. Mbili zimebaki katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi: ya 5918, iitwayo Mount Gelai, na ya 5930, iitwayo Mount Shengena.

Umbo la injini hizi ni la namna ya peke yake, nalo ni fikira ya Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeipatia hataza mwaka 1907. Badala ya boila kulala juu ya magurudumu, hutundikwa katikati, kama machela kati ya wachukuzi wawili. Mbele kuna kundi la magurudumu pamoja na tangi la maji. Nyuma kuna kundi la pili pamoja na akiba ya mafuta na maji. Kila kundi lina silinda zake na hugeuka peke yake. Kwa kuwa chini ya boila hapana gurudumu, boila huweza kunenepa na tanuri kupanuka; na kwa kuwa mwili umeungwa mahali pawili, jitu hili hupita katika kona ambazo injini fupi zaidi ingezikataa.

Nilipotaka kuiiga nilianza na gurudumu, kwa sababu gurudumu halikatwi likafupishwa. Gurudumu la kuvuta la aina ya 59 lilikuwa na kipenyo cha milimita 1,372. Gurudumu kubwa la plastiki lina milimita 30 hivi. Basi mfano ni kiasi cha moja kwa 45, na injini nzima hutimia sentimita 70. Lakini reli za kuchezea zimetengana kwa milimita 38 hivi, nazo kwa kipimo hicho ni sawa na takriban mita 1.7. Maana yake ni kwamba injini iliyozaliwa kwa reli nyembamba, mfano wake hupita juu ya reli inayokaribia ile pana ya Bara Hindi. Kadhalika kona: duara la reli za plastiki lina nusu kipenyo cha milimita 320 tu, na magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja hayakubali kupinda hivyo. Dawa yake ni kutumia magurudumu ya katikati yasiyo na ukingo, ili yateleze juu ya reli pasipo kuibana.

Betri 6 ndogo, zenye volti 9 kwa jumla, nimezilaza ndani ya boila. Sikuziweka humo kwa mafumbo, ila kwa kuwa ndimo mlimokuwa na nafasi; lakini nilipomaliza nikaona kwamba nguvu imekaa pale pale ilipokaa zamani, katika tumbo la katikati. Toka hapo nyaya mbili huvuka maungio kwenda kwenye mota mbili, moja mbele na moja nyuma, kama mabomba ya mvuke yalivyovuka maungio kwenda kwenye silinda. Kila mota huzungusha gia ya meno 12, nayo huzungusha gia ya meno 20, hata mizunguko 5 ya mota ikawa mizunguko 3 ya gurudumu. Kwa kuwa makundi mawili yamepeana mgongo, mota moja haina budi kuzunguka kinyume cha mwenzake, ama sivyo zitavutana kama watu wawili wanaogombea kamba.

Sasa nafika mahali ambapo umbo na nguvu huachana. Katika injini ya kweli moto huchemsha maji, maji huwa mvuke, mvuke husukuma pistoni, pistoni husukuma konrodi, na konrodi huzungusha gurudumu. Katika mfano wangu betri huzungusha mota, mota huzungusha gia, gia huzungusha gurudumu, gurudumu hukokota konrodi, na konrodi hukokota pistoni katika silinda tupu. Sehemu ya mwisho ya mnyororo ni ile ile, pete kwa pete, ila imegeuzwa. Aliyekuwa bwana sasa ni mtumwa, naye bado amevaa mavazi ya ubwana. Ningaliweza kuiondoa pistoni, na garimoshi lingalikwenda vile vile, pengine kwa wepesi zaidi. Sikuiondoa. Lakini swali lilibaki nami: je, kuibakiza ni heshima kwa yaliyopita, au ni uongo uliopambwa?

Jibu sikulipata vitabuni. Baba yangu mkubwa, ambaye sasa ana umri wa zaidi ya miaka 80, alikuwa mchochea moto katika injini hizo. Kwa miaka mingi nilimwuliza habari za kazi yake, naye alinijibu kwa maneno machache ya mtu asiyetaka kusumbuliwa: "Tulifanya kazi, mwanangu. Treni ilifika." Siku moja alipotutembelea niliweka mfano mezani, nikauendesha. Aliutazama ukizunguka mara mbili. Kisha akaweka kiganja juu ya boila, kama mtu apimaye homa ya mtoto, akasema, "Baridi." Akainama kutazama silinda. "Na hii haisukumi. Hii yakokotwa."

Nilikiri kuwa ndivyo. Akauliza mchochea moto anasimama wapi. Nikamwambia hayupo, injini huongozwa kwa simu. Hapo alivuta kiti, akaanza kusema, wala hakunyamaza mpaka adhuhuri ikawa alasiri. Alinieleza jinsi mafuta yalivyopulizwa tanuruni kwa mvuke, na jinsi alivyosoma moshi: ukiwa mweusi mafuta yamezidi, ukitoweka kabisa hewa imezidi, na mchochezi mwema hutafuta ukungu mwembamba ulio baina ya hayo mawili. Alinieleza habari za bilauri ya kupimia maji, ambayo jicho halikuruhusiwa kuisahau hata usingizi ukizidi. Alinieleza kwamba maji ya tangini ndiyo yaliyoyakandamiza magurudumu ya mbele juu ya reli, basi kadiri injini ilivyokunywa ndivyo ilivyopungukiwa na uzito wa kushikia njia, na ikiwa mlimani, reli zikilowa, hapana budi kumwaga mchanga. "Yako," akasema, "huanza safari na uzito huu na kuimaliza na uzito huu. Haijui kiu."

Nilijifunza siku ile jambo ambalo maswali yangu ya miaka mingi hayakunifunza. Swali tupu humwomba mzee aanzie pasipo na kitu. Mfano humpa cha kusahihisha. Upungufu wa mfano ndio uliofungua kinywa cha shahidi: ubaridi wa boila ulimkumbusha joto, na pistoni iliyokokotwa ilimkumbusha ile iliyosukuma. Kama ningaliiondoa pistoni kwa sababu haina kazi, asingaliona la kukanusha. Makumbusho yameweka chuma, nayo yamefanya vyema. Lakini ujuzi wa mkono uliochochea moto haukai katika chuma. Umo katika vichwa vya wazee wachache, nao hawatungoji.

Lugha nayo hufanya kazi kama vitofali hivi. Twasema garimoshi, hata kwa treni za dizeli ambazo moshi si fahari yake tena. Na tangu mwaka 2024 treni za umeme zaenda baina ya Dar es Salaam na Dodoma, wala kamusi hazijalifuta neno hilo. Nchini Kenya neno stima, lililotoka katika Kiingereza pamoja na meli za mvuke, leo ni jina la umeme. Mtu asemapo "stima imepotea" hafikirii mvuke hata kidogo. Kwa hiyo mfano wangu waenda kwa stima kwa maana zote mbili: kwa maana ya leo ndani yake, na kwa maana ya kale nje yake.

Wako wasemao kwamba maneno kama hayo ni maganda yaliyoachwa na nguvu iliyokwisha kuondoka, na kwamba ni afadhali kuyatupa. Mimi nasema ganda lina haki yake, kwa sharti moja. Anayelihifadhi na ajue kilichokuwamo, na akiulizwa aseme waziwazi ni kipi kilichosukuma zamani na ni kipi kinachokokotwa sasa. Bila ujuzi huo umbo hudanganya, hata likiwa zuri namna gani. Pamoja na ujuzi huo, umbo huwa mlango, na waliokuwa kimya hupita humo wakaja kutueleza. Kazi ya mwenye kuunda mfano, na ya mwenye kufundisha maneno, ni kuuacha mlango huo wazi wakati wenye habari wangali hai.