Kutoka Mpanda Hadi Karema: Safari ya Jani la Uchina



Wengi wenu mmelisikia jina la Mpanda, lakini si wengi mliofika. Mpanda ni mwisho wa reli. Treni iachapo njia kuu ya Tabora na Kigoma pale Kaliua, hushika njia ya kusini, ikapita porini kilomita 210 hivi hata isimame Mpanda, wala haina pa kuendelea. Reli hiyo ilijengwa wakati wa Waingereza kwa ajili ya mgodi wa risasi. Enzi ya mgodi ule imepita, lakini reli imebaki na mji umekua. Tangu mwaka 2012 Mpanda ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliokatwa kutoka Mkoa wa Rukwa.

Ukitembea sokoni Mpanda utasikia lugha nyingi. Wapo Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa, ambao ni wenyeji wa siku nyingi. Wapo Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Wapo pia watu wa Katumba na Mishamo, ambao wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Wote hao hulima. Mvua huanza Novemba ikaendelea hata Aprili, na mabonde hujaa mpunga. Nchi ni njema. Lakini penye mpunga pana maji, na penye maji pana mbu.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu: kitabu cha ubatizo, cha ndoa, na cha mazishi. Mtu aandikaye vitabu hivyo huona mambo ambayo wengine hawayaoni. Huona mtoto aliyebatizwa usiku kwa kuwa ni katika hatari ya kufa, kisha siku ya pili jina lake laandikwa katika kitabu kingine. Mara nyingine jina la mama lafuata chini ya jina la mtoto. Ukiwauliza ndugu, husema, "Ilikuwa homa tu." Basi leo nataka tusafiri pamoja kutoka Mpanda hadi Karema, tuitazame homa hiyo na dawa yake, maana dawa hiyo imetoka mbali sana.

Karema iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kilomita 120 hivi kutoka Mpanda. Barabara hupita katika misitu ya mitundu na mininga, ikapanda na kushuka vilima, kisha ikateremka kuelekea ziwani. Wakati wa mvua lori huweza kulala njiani. Siku niliyosafiri tulikuwa watu wengi juu ya magunia, na miongoni mwetu alikuwamo mama kijana mwenye mimba ya miezi mitano, mimba yake ya kwanza. Alijifunika kanga mbili, naye akitetemeka katika jua kali. Mama mkwe wake alikuwa ameshika chupa yenye maji ya rangi ya chai, akimnywesha kidogo kidogo.

Nilimwuliza, "Mama, ni dawa gani hiyo?"

"Ni majani ya Wachina, mwalimu," akanijibu. "Nimeyanunua sokoni, nikayachemsha. Waniambia yatibu malaria."

Tulipofika penye kituo cha afya, dereva alisimama, nasi tukamsaidia mgonjwa kushuka. Muuguzi alimtoboa kidole, akapima damu, akaona malaria. Kisha akaitazama ile chupa. Sikusikia akimkemea bibi yule. Alimwambia hivi: "Mama, uliyoambiwa si uongo. Jani hili ni ndugu ya dawa nitakayompa mkweo. Lakini niambie, katika chupa hii mna dawa kiasi gani?" Bibi alinyamaza. Muuguzi akasema, "Hata mimi siwezi kujua. Basi tutajuaje kama yatosha kumponya?"

Msomaji, maneno hayo machache ndiyo yaliyonifanya niandike habari hii. Hebu tuieleze.

Malaria kwa mja mzito si sawa na malaria ya mtu mwingine. Vijidudu vya malaria hujificha katika kondo la nyuma, mahali mtoto apatapo chakula chake na hewa yake. Huko huongezeka, na pengine mama haoni homa kali. Damu ya mama hupungua, na chakula cha mtoto hupungua vilevile. Ndipo mimba huweza kuharibika, au mtoto huzaliwa mfu, au huzaliwa kabla ya wakati akiwa mdogo, asiye na nguvu ya kuishi. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo katika hatari kubwa kuliko zote.

Na jani lile? Wachina huliita qinghao, na wataalamu wa mimea huliita Artemisia annua. Zaidi ya miaka 1600 iliyopita mganga mmoja wa Uchina, jina lake Ge Hong, aliandika katika kitabu chake kwamba lafaa kwa homa za vipindi. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, malaria ilikuwa ikiwaangusha askari wengi, na dawa za zamani zilikuwa zikishindwa. Serikali ya Uchina ikawakusanya wataalamu kwa siri watafute dawa mpya. Mmoja wao alikuwa mama, jina lake Tu Youyou. Yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale na kujaribu mitishamba mingi. Qinghao ilionyesha dalili njema, lakini haikutegemewa: mara yafanya kazi, mara haifanyi.

Ndipo Tu Youyou alipokisoma tena kitabu cha Ge Hong. Akaona kwamba mganga yule wa kale hakuagiza jani lichemshwe, bali liloweshwe katika maji, likamuliwe, na maji yake yanywewe. Akafikiri: labda moto ndio unaoiharibu nguvu ya dawa. Akaitoa dawa katika jani bila moto mkali, na mwaka 1971 ikawaponya wanyama waliotiwa malaria. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake waliinywa kwanza wenyewe, waone kama haina madhara. Mwaka 1972 waliipata dawa yenyewe ikiwa safi, ndiyo iitwayo artemisinini. Mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kidonge kile kidogo ni kazi ya miaka mingi. Hapa Tanzania Bara kilianza kutumika kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwisho wa mwaka 2006, kikiwa kimechanganywa na dawa nyingine iitwayo lumefantrini. Ndiyo maana twakiita "mseto". Dawa ya jani huua vijidudu upesi, na mwenzake hubaki mwilini kuwamaliza waliosalia. Anywaye chai ya majani hana huyo mwenzake wa kumsaidia. Tena jani la shamba hili halina nguvu sawa na jani la shamba lile. Mgonjwa huweza kupata nafuu ya siku mbili, kumbe vijidudu vimebaki, na vilivyobaki vyajifunza kuizoea dawa. Kwa sababu hizo Shirika la Afya Duniani halikubali majani hayo kuwa dawa ya malaria. Na jambo hilo si la mbali: katika Mkoa wa Kagera wataalamu wamekwisha kuona vijidudu vinavyochelewa kufa kwa dawa hii.

Yule mama kijana alipewa uji kwanza, kisha vidonge vinne mbele ya muuguzi. Vinne vingine baada ya saa nane, na baadaye vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili, jumla 24. Akaambiwa avinywe baada ya chakula, asibakize hata kimoja, wala asimgawie mtu. Wakalazwa pale, yeye na mkwewe, nasi tukaendelea na safari.

Karema ni mahali pa historia. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Wakati ule maji ya ziwa yalikuwa karibu na ngome. Baadaye yakarudi nyuma, yakaacha nchi kavu. Lakini kwa habari yetu ya leo, jina kubwa la Karema ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto alikamatwa akafanywa mtumwa, akavushwa jangwa. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, akawa daktari na katekista kwa muda wa miaka 67, hata kufa kwake mwaka 1956. Hospitali moja mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake.

Atiman alikuwa na elimu ya Ulaya, lakini hakuzicheka dawa za wenyeji. Alizichunguza. Na hapo ndipo twapaswa kusimama sisi. Msomaji asidhani nasema miti haina dawa. Kwinini yenyewe yatoka katika gamba la mti. Mseto watoka katika jani. Lakini kati ya jani na dawa pana kazi ya kupima: dawa ni kiasi gani, kwa nani, kwa siku ngapi, na mtoto aliye tumboni atapatwa na nini. Jani lisilopimwa laweza kuwa dogo mno lisimponye mama, au kali mno likamdhuru mtoto. Mwarobaini, ambao wengi huchemsha wapatapo homa, wataalamu huwaonya waja wazito wasiunywe. Na chupa zinazotembezwa minadani kwa jina la "dawa za Kichina", zisizo na maandishi tunayoweza kuyasoma, nani ajuaye ndani mna nini? Waganga Wachina wamefanya kazi katika hospitali zetu tangu mwaka 1964 Unguja na 1968 huku Bara, nao hutoa dawa kwa vipimo. Mchuuzi wa mnadani si mwenzao.

Niliporudi siku ya tatu nilimkuta yule mama kijana ameketi nje ya kituo, anamenya viazi. Homa imekwisha. Mkwewe aliniambia kwamba mtoto ameanza kucheza tena tumboni. Ile chupa alikuwa ameiosha, akatia maji ya kunywa.

Basi, akina mama, nendeni kliniki mapema, mara mjuapo kuwa mna mimba. Huko mtapewa chandarua, nanyi mlale ndani yake kila usiku. Tangu mwezi wa nne mtapewa vidonge vya SP, mara tatu au zaidi, kila mara baada ya mwezi mmoja. Hivyo si vya kutibu homa bali vya kukinga. Mwambieni muuguzi dawa zote mnazotumia, hata za mitishamba, bila kuona haya. Mkipata homa, semeni tangu mlangoni, "Nina mimba," hata ikiwa changa. Zamani katika miezi mitatu ya kwanza wagonjwa walipewa kwinini, kwa kuwa dawa ya jani ilihofiwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali mseto hata katika miezi hiyo, lakini uamuzi ni wa mganga, si wa mwenye duka. Na mama akitapika kila kitu, au akipotewa na fahamu, au akishikwa na degedege, au akitoka damu, msingoje asubuhi. Kwa malaria kali iko sindano, nayo ni ya ukoo wa jani lilelile.

Nanyi akina baba, mwisho wa mavuno mnapouza mpunga, wekeni kando nauli ya lori kabla ya kununua kitu kingine. Jani lile limesafiri kutoka Uchina hadi kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Safari iliyobaki ni fupi, nayo ni yenu.