Makofi ya Babu

Alhamisi ya tarehe 2 Novemba 1978 babu alitoka nyumbani kwetu Kariakoo amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Bibi akamkumbusha kwamba Ijumaa ni kesho. "Tumeitwa na Rais," babu akajibu, akachukua bakora yake akaenda kungoja basi la UDA.

Jambo likiwa zito, wazee wa Dar es Salaam walikuwa wakiitwa, na siku ile waliitwa kwenye ukumbi wa Diamond Jubilee. Kwa nini, hata sisi watoto tulijua. Siku chache nyuma majeshi ya Iddi Amin wa Uganda yalikuwa yamevuka mpaka wa Kagera, yakaua watu, yakaswaga ng'ombe, yakapora mpaka kiwanda cha sukari. Kisha Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, sasa ni mali ya Uganda.

Babu alirudi sauti imemkauka. Nilikuwa na miaka tisa, nikamuuliza huko walisema nini. "Tumesema apigwe." Hotuba ilipotoka redioni tuliisikiliza uani, majirani wamejaa mpaka mlangoni. Rais, tuliyemwita Mwalimu, alipofika pale pa uwezo, sababu na nia, ukumbi ukalipuka. Babu akanyoosha kidole kuelekea redio: "Sikiliza vizuri. Haya makofi ni yangu."

Nilimwamini. Miaka mingi nilikuwa na hakika kwamba vita vya Kagera viliidhinishwa na babu yangu.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Mabasi na malori yalichukuliwa kupeleka askari mpakani. Mjomba, aliyekuwa mgambo wa mtaa na hajawahi kulala nje ya Pwani, akaaga asubuhi moja na begi la turubai. Jeshi ambalo mwanzoni halikufika watu elfu 40 likavimba kwa mgambo mara kadhaa. Mji wa Masaka ulipotekwa Februari 1979 tulishangilia. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, mtaa wetu haukulala. Na tulikuwa na haki ya kushangilia: tulivamiwa, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka tupatane na mvamizi bila kumkemea.

Kisha ikaja hesabu. Mwalimu akaliomba taifa lifunge mkanda kwa miezi 18. Babu, mtu wa ahadi, akachukua kalenda ya ukutani na kuanza kukata miezi kwa kalamu nyekundu. Akakata sabuni ilipoadimika, akakata mafuta ya kula yalipoadimika, akakata sukari ilipokuwa ya kupangia foleni kabla ya adhana ya alfajiri. Mwezi wa 18 ulipokatwa, mkanda ulikuwa haujalegea. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, kahawa yetu imeshuka, na fedha za kigeni zilikuwa zimekwenda na mizinga. Haikuwa vita peke yake, lakini vita ilikula ile akiba ambayo ingetusitiri. Tukaingia miaka ya themanini tukila unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano.

Siku moja babu alirudi kutoka duka la ushirika na kikapu kitupu, akalalamika. Mama, aliyekuwa akifikicha nguo kwa majani ya mpapai, hakuinua hata kichwa. "Si mlipiga makofi wenyewe, baba?"

Babu hakujibu. Kalenda ile aliiacha ukutani, lakini kalamu nyekundu sikuiona tena.

Mjomba alirudi mzima wa mwili. Hadithi za vita alizisimulia mpaka pale anapovuka Mutukula kuingia Uganda, halafu ananyamaza, anaomba maji.

Sasa mimi ndiye babu, na mjukuu wangu anasoma sheria. Juzi alinisomea ibara ya 44 ya Katiba yetu. Rais aweza kutangaza hali ya vita. Kisha anapeleka nakala ya tangazo kwa Spika, na Bunge linaitishwa ndani ya siku 14 kulijadili na kupitisha, au kutopitisha, azimio la kumuunga mkono. Wenzetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, wametanguliza kibali cha Bunge: bila hicho Rais hatangazi vita. Mjukuu anaona tofauti hiyo ni kubwa, nami nakubali. Baada ya siku 14 malori yameshaondoka, na ni mbunge gani atakayesimama kuyaita yarudi?

Akaniuliza Bunge la 1978 lilisema nini. Nimejaribu kuwauliza wazee wenzangu. Kila mmoja anaikumbuka Diamond Jubilee. Hakuna aliyenitajia Karimjee, lilikokuwa likikaa Bunge. Sisi tuliona kwamba nchi imeshaulizwa na imeshajibu. Lakini hoja ya mbunge huandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu za Bunge, hata ile iliyozomewa. Makofi hayaandikwi. "Ndiyo" ya babu yangu haimo katika kumbukumbu yoyote ya nchi hii, ingawa aliilipia foleni baada ya foleni.

"Ungekuwa wewe, babu, ungepiga kura gani?"

Nilimwambia ukweli: ningesema apigwe. Mtu akikuingilia nyumbani humsubiri akazoea. Ninachojutia ni kidogo kuliko hicho. Natamani kwamba kabla makofi hayajalipuka, mzee mmoja, hata babu yangu na kanzu yake ya Ijumaa, angenyoosha mkono akauliza huo mkanda una matundu mangapi.