Mkungu wa Jumamosi

Kila Jumamosi jioni Bibi alichukua panga akaingia kibanjani kuchagua mkungu wa sadaka. Mimi nilimfuata nyuma na kamba za mgomba. Ilikuwa mwaka 1988, Kamachumu, mkoani Kagera, na nilikuwa na miaka 11.

Kwetu marehemu huzikwa kibanjani, kati ya migomba. Kwa miaka mitatu kibanja cha Bibi kilikuwa kimepokea makaburi matatu: la baba, la mama, kisha la baba mdogo, kitinda mimba wake. Ugonjwa watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kugunduliwa Tanzania walitoka mkoani kwetu, mwaka 1983, na tangu hapo misiba ilifuatana hata matanga yakafupishwa, maana nani angelima? Wapo waliohubiri kwamba ni adhabu. Niliwasikia nikiwa mtoto, nimevaa shati la marehemu baba yangu lililokatwa kunitosha, na mpaka leo naamini walimsingizia Mungu.

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa ya wiki ile ile tuliyomzika baba mdogo. Nyasi za msiba zilikuwa bado zimetandazwa sakafuni. Nilidhani safari hii Bibi atapumzika. Akachukua panga. Akapita mgomba mmoja baada ya mwingine, akibonyeza ndizi kwa kidole gumba, hadi akafika kando ya udongo mbichi. Pale palikuwa na mkungu mnene kuliko yote. Akaukata.

"Bibi," nikasema, na sauti ikanitetemeka, "kwa nini umpe Mungu mkungu huo? Yeye amechukua wote."

Hakunikemea. Alikaa juu ya mgomba uliolala, akajifuta utomvu mikononi kwa jani.

"Baba yako nilimlilia mbele yake. Mama yako pia. Huyu wa juzi namlilia hata sasa, wala Mungu hajaniambia ninyamaze," akasema. "Lakini huu mkungu hakuna aliyeniagiza. Natoa mwenyewe. Shika upande huo."

Tukaubeba mpaka nyumbani.

Asubuhi kengele ililia, yaani ringi ya lori iliyoning'inia mtini, ikigongwa kwa chuma. Kanisa letu la Kilutheri lilikuwa la matofali, na kwenye mabenchi yake siku hizo uliona wazee na watoto, katikati pengo. Wimbo wa kwanza ulipokwisha kukawa kimya. Mwinjilisti aliinama kutafuta ukurasa, au labda alikuwa analia, sijui. Ndipo Bibi akaanzisha Tukutendereza.

Wimbo huo ni wa Kiganda, na sisi ni Wahaya, lakini watu wa Uamsho waliuimba kila mahali ulipofika moto ule uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Bibi aliokoka akiwa msichana, akaujua tangu hapo. Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa imekauka kwa maombolezo ya wiki nzima, na mstari wa pili ilikatika kabisa. Bibi mwingine nyuma akaupokea. Kisha upande wa wanaume. Bibi alipopata pumzi akarudi ndani ya wimbo, akipiga makofi taratibu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Nilikuwa nimeazimia kutoimba. Nilijikuta nimeshika kitenge chake, na midomo yangu inatembea.

Sadaka zililetwa mbele: maharage, mayai mawili katika kikapu, kahawa kwenye ungo, na mkungu wetu, nimeubeba kichwani. Baada ya ibada ukafanyika mnada chini ya mti. Mwalimu mmoja akaununua mkungu kwa bei iliyowashangaza watu, kisha akautoa upelekwe kwa watoto waliobaki peke yao nyumba ya bondeni. Mkubwa wao alikuwa rika langu. Bibi akacheka kwa furaha, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwaka uliotangulia.

Jumamosi iliyofuata alichukua panga tena. Nikatangulia mimi kibanjani, nikabonyeza ndizi kwa kidole gumba kama yeye, nikamwita.

Akaja, akajaribu. "Huu bado," akasema, akaenda kwenye mgomba mwingine.