Kutoka Buhemba Hadi Nairobi: Sauti ya Mpwa Wangu

Mimi ni mwalimu wa chuo huku Buhemba, katika nchi ya Mara, na kwa miaka mingi nimewafundisha watoto kutamka kila herufi mahali pake. Sikupata kudhani kwamba iko siku nitasafiri hadi Nairobi nikasikilize vijana wakipiga makelele. Lakini mwaka 2023 dada yangu aliniomba nikamtazame mwanawe, apate kujua ni kazi gani aifanyayo huko ugenini.

Nalitoka alfajiri, nikapita Makutano na Tarime hadi mpakani Sirari, kisha Migori, Kisii na Narok, nikaingia mjini usiku. Mpwa wangu alinipokea kwa adabu, akanibusu mkono. Kesho yake, baada ya sala ya Alasiri, alinipeleka katika ukumbi mdogo ambamo yeye ndiye msimamizi wa mitambo ya sauti. Akaniambia, "Mjomba, ukichoka nipungie mkono, tutatoka."

Jukwaani walikuwako vijana wawili tu. Mmoja alishika gitaa la umeme, na mbele yake kompyuta. Wa pili alishika kipaza sauti. Mpiga ngoma hakuwako: mapigo yote yalitoka mtamboni, kwa kasi ambayo mkono wa mwanadamu hauiwezi. Kisha yule wa pili akafungua kinywa, akanguruma. Nalidhani ameshikwa na maradhi. Kifua changu kilitetema kama mlango upigwao na upepo.

Kwa robo saa nalikaa nikiudhika, kisha nikatambua mambo mawili. La kwanza, mlio ule naujua. Huku kwetu kwenye machimbo ya dhahabu, makarasha yasagapo mawe hulia vivyo hivyo, na mpwa wangu alilelewa karibu nayo. La pili, ngurumo ile haikuwa ya ovyo. Kijana yule alijua pa kuvuta pumzi na pa kuikata. Mimi nifundishaye kwamba herufi za kooni ni 6, siwezi kukosa kuitambua kazi ya koo lililozoezwa.

Tulipotoka, mpwa wangu alinieleza kwamba muziki huo huitwa metali, na kwamba Nairobi imekuwa nao kwa miaka mingi. Kundi la Last Year's Tragedy, kwa mfano, ni la aina yake iitwayo metalikoo. Baadaye, mwaka 2019, Martin Khanja na Sam Karugu waliunda kundi la Duma, wakaunganisha ngurumo na mapigo ya kompyuta. Sahani yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sisi tulisikiapo duma humkumbuka mnyama wa Serengeti, lakini wao walilichukua jina hilo kwa maana ya giza, katika lugha ya Kikuyu.

Nikamwuliza, "Kwa nini basi mnapiga kelele?"

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjomba, chuoni ulinichapa kila nilipopaza sauti. Hapa hapana anichapaye."

Neno hilo lilinichoma. Nikamkumbuka mtoto wa miaka kumi, aliyefiwa na baba yake, asomaye kwa kupiga kelele mpaka wenzake wakacheka. Nalimrudi kwa fimbo, naye akaacha chuo kabla ya kuhitimu Juzuu Amma. Mara nyingi nimewasomesha watoto wasia wa Luqman kwa mwanawe kuhusu kushusha sauti. Lakini Luqman alimwita mwanawe kwa upole kabla ya kumwonya. Mimi naliitwaa ile amri, nikauacha upole.

Magharibi ilitukuta Msikiti wa Jamia, akasimama ubavuni mwangu. Sikumwamuru aiache kazi yake, wala sikumsifu kwayo. Tulipokuwa tukirudi nalimwomba anisomee Alhamdu. Aliisoma polepole, na kila herufi ya kooni ilitoka mahali pake. Nikamwomba radhi njiani pale pale, watu wakipita.

Dada yangu nimemwambia kwamba mwanawe ni mzima, na kwamba kosa lilikuwa langu. Fimbo ya chuoni sijaishika tangu niliporudi. Watoto wamezidi kelele, nami nimeanza kuitambua sauti ya kila mmoja wao.