Mnara na Pango

Jumamosi, 5 Oktoba 2024. Misheni, Bagamoyo

Mwezi wa Rozari umeanza na kosta zimeanza. WAWATA, wanawake Wakatoliki, wa parokia moja ya Dar walishuka getini kabla sijamaliza kufagia makumbusho: vitenge vya sare, madumu ya maji ya kubarikiwa, wimbo uliokwisha kuanzia njiani. Habari ya mnara hawakuuliza. Walipita chini ya miembe moja kwa moja hadi pangoni kwa Bikira Maria, wakapiga magoti chini, na rozari ya kwanza ikaisha jua halijakolea.

Nyuma yao wakaingia Wajerumani wanne na kamera. Mmoja akaninong'oneza kama picha zinaruhusiwa. Nikamwambia pango piga, kina mama wanaosali usipige. Akafanya kinyume.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo watalii watupu, na wote wanamtaka Livingstone, yule mmisionari msafiri wa Scotland. Wanakuja wamemsoma. Ukiwaambia kanisa lile kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914 wanaitikia kwa adabu, macho yako kwenye mnara wa kanisa la zamani, lile la 1872. Mwili wake ulifikishwa hapa tarehe 24 Februari 1874, ukalala usiku mmoja, kisha ukavushwa Unguja. Usiku mmoja, tena maiti, na mnara ukapata jina lake.

Basi mimi huwasimamisha pale chini na kuwasimulia habari za wabebaji. Livingstone alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watu wake wakautoa moyo wakauzika palepale chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakauanika, wakaufunga, wakautembeza miezi tisa hadi pwani hii. Susi na Chuma waliongoza safari ile. Kwenye maziko ya Westminster Abbey, Aprili 1874, hawakuwapo. Aliyepelekwa na jeneza ni Jacob Wainwright. Wale wawili waliitwa Uingereza baadaye, kaburi limekwisha kufunikwa. Bwana mmoja mzee wa Scotland alivua kofia niliposema hivyo. Wengine wakauliza choo kiko wapi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, sikukuu, na Dar nzima imehamia Bagamoyo. Miguu inaniwaka.

Watoto wa Utoto Mtakatifu walikuja na skafu zao na walezi wao, na bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu. Watoto wakakimbilia mbuyu. Kila mtoto lazima auguse ule mnyororo unaotokeza kwenye shina, na kila mtoto anajua, maana ameambiwa na mtu huko nje, kwamba watumwa walifungwa hapo. Nikawaambia tunavyosimulia sisi: mbuyu ulipandwa na mapadre walipofika 1868, na mnyororo ulikuwa wa kumfungia punda wa mama mmoja Mfaransa aliyehudumia wagonjwa, mti ukanenepa ukaumeza. Walisikitika kweli. Mmoja akaguna, "Punda tu?"

Minyororo yenyewe iko ndani, kwenye kabati la kioo, nikawapeleka. Hapo ndipo bibi akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi, viatu amevua.

"Mwanangu, hawa watoto watumwa waliolelewa Kijiji cha Uhuru hapa Misheni, mapadre waliwapataje?"

Nikamwambia wengine walikabidhiwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi baharini. Wengine walinunuliwa sokoni Unguja, kabla soko halijafungwa 1873.

"Walinunuliwa. Na nani?"

"Na mapadre, bibi."

"Kwa hela ya nani?"

Sikutaka kulijibu lile mbele ya skafu zile, lakini jibu ninalo. Sehemu ya fedha ilitoka kwa watoto wa Ulaya waliochangishana senti kupitia Utoto Mtakatifu, shirika lilelile, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843. Nikasema. Walezi wakatazamana. Bibi akamwita mjukuu, akamgeuza mabega, akamtazama skafu kama anaiona leo.

"Na wakishanunuliwa wanaambiwa nenda zako?"

Hapana, bibi. Kengele ya alfajiri, Misa, darasa, karakana ya useremala au shamba, kengele tena. Wakikua wanaozeshwa, wanapewa nyumba na kipande cha ardhi kijijini, na siku za kulima shamba la Misheni zimepangwa. Wapo waliotoroka. Wapo waliokaa, wakazaa, wakawa makatekista, na Injili ya bara ilitembea kwa miguu yao pamoja na ya mapadre. Yote mawili ni kweli, na mimi huwa na dakika arobaini kabla kosta haijapiga honi.

Bibi akavaa viatu. "Tunakwenda kusali pale pangoni," akasema. "Pango lilijengwa na nani?"

Na wao. Mwaka 1876.

"Haya. Nitawaombea kwanza wao, shida zangu baadaye."

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nimehesabu rozari za kuuza, nimefuta vumbi kabati la minyororo. Dereva wa bajaji anayeleta wageni, Mwislamu wa hapahapa mjini, alijikinga barazani kwetu hadi adhana ya adhuhuri. Ameniuliza mwezi huu wa Maria unaisha lini, apange marejesho ya mkopo.

Jumapili, 20 Oktoba

Dominika ya Kimisioni. Mahubiri yalianza na Padre Horner, mwanzilishi wa Misheni hii, na mwaka 1868, yakapita misheni ya Mhonda 1877, yakafika ile ya Kilema, Uchagani, 1890, na sadaka ikapita baada yake. Wachaga waliokuwepo walitikisa vichwa kwa fahari. Mimi nilikuwa naisikiliza sadaka ikidondoka, nawaza wale watoto wa Ulaya na senti zao.

Baada ya Misa nikamfuata padre, nikamweleza habari ya bibi na walezi waliotazamana. Nilidhani ataniambia nipunguze. Alifikiri, akasema, "Waambie. Ila wasimulie na vita vya Bushiri." Ana haki. Mwaka 1888 na 1889, Bushiri alipopigana na Wajerumani, watu wa mji na vijiji walikimbilia humu kwa maelfu, na Bushiri hakuigusa Misheni. Mwislamu aliyewachukia wageni alijua nani amelala ndani ya ua huu. Mnara haukumsaidia mtu yeyote miaka ile. Ua ndio uliosaidia, na visima, na mihogo ya shamba waliyolima wale waliopigiwa kengele.

Hilo sijawahi kuliweka kwenye ziara. Nilikuwa natumia muda wote kwa maiti mmoja.

Jumamosi, 2 Novemba

Marehemu Wote. Asubuhi tulikwenda makaburini na padre na maji ya baraka. Misalaba ya wamisionari imepangwa safu, na ukisoma miaka unaona vijana: amefika leo, homa kesho. Kwaya iliimba vizuri, soprano walipanda mno.

Mchana kukaja kundi mchanganyiko, mahujaji wa Morogoro na Waingereza waliopotezana na mwongozaji wao. Nikawachukua wote pamoja, nikageuza njia. Tulianza pangoni, na mahujaji wakasali salamu moja Waingereza wakisubiri. Kisha habari za Kijiji cha Uhuru na soko la Unguja, kisha Bushiri, kisha makaburi, ambako mishumaa ilikuwa bado inawaka. Mama mmoja wa Morogoro akaanza kuwatafsiria Waingereza kabla yangu, akaongeza chumvi yake kidogo, nikamwacha. Mnara tukaufikia mwisho, saa kumi na moja na nusu.

Mwingereza mmoja akalalamika kwamba jua limeshuka, picha haitoki. Nikamwambia arudi kesho baada ya Misa ya pili, tiketi yake nitaikubali.

"Na Livingstone hukumwongelea sana," akasema.

Nikamwambia alikaa hapa usiku mmoja.